Nyumba ya Bure Mlimani

"Anayetaka bahari anyooshe mkono," alisema Chiriku, na mkono wake mwenyewe ulikuwa juu tayari.

Mdogo wake Bonge, msichana wa miaka mitano mwenye mashavu ya kubanwa na kila mgeni, akanyoosha yote miwili.

"Mtu mmoja kura moja," Chiriku akamwambia. "Usituibie uchaguzi hapa."

Baba yao alicheka. Alikuwa fundi wa mizani, za mabucha na za maduka ya nafaka, na sokoni walikuwa wameacha zamani kumwita kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Mizani tu. Alikuwa mtu mpole, mchangamfu, na muoga. Nalisema hili mapema ili asije mtu akashangaa mbele ya safari.

"Bahari ni nauli, ni chumba, ni chakula cha hoteli," alisema. "Tutafika kule tukae mchangani tunatazama wenzetu wanavyokula."

"Mimi nasema chemchemi," alisema mama, akitandaza nguo za shule kwenye kiti. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kubwa, na hata nyumbani mikono yake haikuweza kuona kitambaa kimejikunja ikakiacha. "Maji ya moto yanatoka yenyewe ardhini. Hakuna baridi. Daktari alisema nini? Mtoto akae kwenye joto."

Chiriku akashusha mkono. Hakupenda daktari aingizwe kwenye kura.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa na selimundu. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Damu inajikunja, inaziba njia zake yenyewe, na mwili unauma mpaka mtu mzima akiona anatoka nje. Baridi inauamsha. Kiu inauamsha. Hata kuchoka tu. Likizo iliyopita aliimalizia wodini, na humo ndimo baba alimomshika mkono wenye sindano akamwambia: likizo ijayo tutasafiri, na sisi, kama watu. Ahadi kama ile mtoto haisahau hata umpe pipi gunia zima.

Simu ya baba ikalia mezani. Akaiweka kwa sauti ya juu, maana dada yake mkubwa hakupenda kuongea na mtu mmoja kama angeweza kuongea na nyumba nzima.

"Wanangu wamefunga shule na wewe umewakalisha hapo mjini kama kuku wa kufuga?" alisema Shangazi.

"Ndiyo tunapanga, dada."

"Mnapanga nini na hela hamna? Njooni kwangu mlimani. Ile nyumba ya wageni iko tupu, msimu bado. Hamlipi hata senti. Mimi mwenyewe nipo, namfumia mjukuu sweta, maana binti yangu naye siku zinakaribia. Huku baridi inakata, nawaambia! Watu wanashinda na makoti mchana kweupe. Raha tupu!"

Bonge alirukaruka. Chiriku alimtazama mama. Mama alimtazama baba. Baba aliitazama simu.

"Asante sana, dada," alisema. "Tutakuja."

*

"Umesema tutakuja," mama alisema walipobaki wawili jikoni.

"Nimesema."

"Na baridi?"

"Tutamvalisha."

"Utamvalisha hewa anayovuta? Mpigie dada yako sasa hivi. Mwambie mtoto ana selimundu, mlimani hapamfai. Ni sentensi moja, baba Chiriku. Haina hata koma."

Hakupiga. Kisa chenyewe kilikuwa kidogo, na kwa sababu kilikuwa kidogo kiliaibisha. Kwenye msiba wa jirani mmoja aliyezika mtoto wa pili, Shangazi alikuwa amesema, tena hakushusha sauti, "Ule ukoo una damu mbovu, mtu asijaribu kuoa mle." Mizani alikuwa pembeni yake akifunga kamba za turubai. Aliendelea kufunga. Tangu siku ile Chiriku akilazwa, habari ya kumpa dada ilikuwa malaria, ilikuwa tumbo, ilikuwa amekula vitu vya barabarani. Huyu dada ndiye aliyemlea, akamsomesha ufundi, akamlipia mahari. Mwanamume mzima mwenye ndevu, akisikia dada yake anakohoa anajipangusa mdomo.

"Basi mwambie wewe," alisema. "Nyinyi wanawake mnaelewana."

"Thubutu! Nikisema mimi, nitakuwa nimekuja na ugonjwa kwenu ndani ya sanduku la nguo. Wifi atanichambua ukoo mpaka kwa babu yangu. Hii ni damu yenu pia. Utasema wewe."

"Nitasema tukifika. Uso kwa uso ni bora."

Mama alimwamini nusu. Ile nusu nyingine ilimkosesha raha.

Kesho yake, saa ya mapumziko, alijibanza nyuma ya mashine za kufulia akapigia nyumba ya wageni iliyoko kule kwenye chemchemi.

"Chumba ni cha watu wawili, mama," alisema kijana wa mapokezi. "Watoto ni nyongeza. Godoro la chini ni nyongeza. Kuingia majini ni nyongeza."

"Na kupumua?"

Kijana hakucheka. Alitaja jumla. Mama alifunga macho, akazitoa kichwani zile fedha alizokuwa akiziweka tangu mtoto atoke hospitali, akazipanga upya kama zingeongezeka. Zilitosha kulala. Hazikutosha kufika wala kurudi.

"Hakuna namna? Na mimi nafanya kazi hotelini, ni wenzenu tu."

"Meneja gani?"

"Upande wa dobi," mama alisema, na akasikia mtu anavyopoteza hamu upande wa pili.

Msimamizi wake alikuwa amesimama mlangoni na kapu la taulo. "Kumbe na nyinyi huwa mnakwenda likizo?" aliuliza. Hakusema kwa ubaya. Kwa miaka yote mama alikuwa akinyoosha mashuka waliyolalia watu wa likizo, anajua nani alikula kitandani na nani alikuja na mchanga miguuni, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba naye anaweza kutamani kulala hapo. Aliona haya, akarudi kwenye pasi.

Kliniki ya mtoto hakuipigia. Jibu alilijua. Angewapigia, wangemwambia msiende, na yeye angelazimika kurudi nyumbani kuwaambia watoto wawili kwamba hakuna bahari, hakuna chemchemi, hakuna mlima. Alijipa moyo na masweta.

*

Asubuhi ya safari baba alimwita Chiriku pembeni, akajifanya anamfunga zipu ya begi.

"Ukijisikia vibaya, niambie mimi au mama yako. Shangazi usimwambie kitu. Akikuuliza, sema umechoka."

"Kwa nini?"

"Tusimtie wasiwasi. Ni mtu mzima."

"Ni siri?"

"Si siri. Ni... mambo yetu."

Chiriku aliitika kwa kichwa. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Angekuuliza kwa nini mbuzi hana mkia mrefu mpaka umpe hela akanunue maandazi. Lakini hapo hakuuliza tena. Alielewa vizuri kuliko baba alivyokusudia: kwamba ndani ya mwili wake kuna kitu cha kuwaaibisha watu wake.

Walipofika mlimani ukungu ulikuwa umekaa hadi mlangoni. Nyumba ilikuwa nzuri, jamani, tusiseme uongo. Madirisha makubwa, makochi ya ngozi, sakafu ya vigae inayong'aa na yenye baridi ya kupenya soksi. Mama alimvalisha Chiriku sweta juu ya sweta, kofia, soksi mbili.

"Ala! Mnamfunga mtoto kama kifurushi cha posta!" Shangazi alicheka, akaivuta kofia, akalivua sweta la juu kwa mikono yake. "Mwacheni apate hewa. Ndiyo maana kila siku mnaniambia anaumwa. Mtoto wa kufugwa ndani huwa laini kama ugali wa mgonjwa."

Mama alimtazama mumewe. Macho yake yalisema: haya, sema.

Mizani akafungua mdomo. Kijasho chembamba kilimtoka, kwenye baridi ile. "Dada," alisema, "hivi hili paa umeezeka mwaka gani?"

Shangazi akaanza habari za paa. Mama akalichukua lile sweta kochini, akalikunja polepole, pembe kwa pembe, kwa sababu asingelikunja angelitupa usoni mwa mtu.

*

Siku ya pili, baada ya chai, Shangazi aliwachukua baba na watoto kwenda kwenye maporomoko. Mama alibaki anachemsha maharage, na kwa mara ya kwanza tangu wafike alikuwa ametulia kidogo, maana mumewe alikuwa ameapa: "Leo njiani namwambia."

Njiani waliongea habari za binti wa Shangazi na ujauzito wake, na jinsi mkwe alivyo mtu wa heshima. Baba alisubiri nafasi. Kila ilipopatikana aliiona, akaiacha ipite.

"Vueni viatu!" Shangazi aliamrisha walipofika majini. Yeye mwenyewe alishavua, mwanamke wa umri ule, amepandisha gauni hadi magotini, anacheka. Bonge akaingia akipiga kelele.

Chiriku alisimama kwenye jiwe. Hakumtazama Shangazi. Alimtazama baba, akangoja.

"Ingia basi, wewe bibi harusi!" Shangazi alisema. "Au na maji unayaogopa? Kaka, huyu mtoto wako vipi?"

"Miguu tu," alisema baba. "Ingiza miguu tu kidogo."

Akaingiza. Maji yalikuwa ya barafu. Akatabasamu, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama, na akakaa mpaka Shangazi alipochoka.

Wakati wa kurudi Chiriku alitembea wa mwisho. Baba alimsikiliza nyuma yake: hatua zake, pumzi zake, na hakuna sauti. Alianza kuogopa hapo, woga wa kweli. Alijiambia ni uchovu. Mtoto ametembea, amechoka, hata yeye amechoka.

Mama alijua kabla hajamwona vizuri. "Chiriku?"

"Nipo."

"Unaumwa?"

Chiriku akamtupia jicho Shangazi. "Nimechoka."

Mama alimfunika blanketi, akamnywesha maji ya uvuguvugu, akapekua mkoba. Dawa ya maumivu waliyokuja nayo ilikuwa imebaki kidonge kimoja. Akampa. Akamfuata mumewe veranda, akasema kwa meno yaliyobana, "Nakwenda dukani, dawa na mkaa. Nikirudi uwe umesema. Usiposema, mimi nitasema, na yale ya kwako kwa dada yako utajijua." Akamshika Bonge mkono, wakateremka.

*

Hazikupita dakika nyingi. Chiriku alitaka kwenda msalani, akanyanyuka, mguu ukakataa. Alianguka kwenye korido na hakulia. Baba na Shangazi walimkuta ameushika muundi kwa mikono miwili, midomo imekuwa myeupe.

"Mama yangu! Mguu umefanyaje?" alisema Shangazi.

Baba angeweza kusema. Hakukuwa na mtu mwingine, mtoto alikuwa sakafuni, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Lililotoka likawa jingine.

"Ameteguka," alisema. "Kule kwenye mawe."

"Si ungesema mapema! Mpandishe kochini. Mtu akiteguka ni barafu, tena haraka, kabla haujavimba."

Alikuwa mwanamke wa vitendo. Kabla baba hajameza mate alisharudi na bakuli kutoka kwenye friza, barafu imefungwa kwenye taulo, akaikandamiza mguuni kwa nguvu na upendo wote aliokuwa nao. Mwili wa Chiriku ukaruka, kisha ukakakamaa.

"Dada, barafu basi," alisema baba.

"Kwa nini?"

"Ina... ni baridi."

"Barafu isiwe baridi, iwe nini? Chai?" Shangazi aliongeza vipande vingine. "Wanaume bwana. Tulia, mwanangu. Inauma?"

"Haiumi, Shangazi," alisema Chiriku. Machozi yalikuwa yamejaa hadi kwenye kope na hakuna hata moja alilolidondosha. "Baba, mwache tu. Haiumi."

Halafu akavuta pumzi ikakatika katikati. Akajaribu tena. Ikakatika pale pale. Mkono wake ukatoka mguuni ukaenda kifuani.

Mizani aliona ule mkono. Aliwahi kuuona wodini kwa mtoto wa kitanda cha jirani, na asubuhi yake kile kitanda kilikuwa kimetandikwa. Alilinyakua lile taulo akalitupa. Barafu ikasambaa kwenye vigae.

"Toa! Toa hiyo!" alipiga kelele, na sauti ilikuwa kubwa hata yeye ilimshtua. "Hajateguka! Ana selimundu, dada! Anayo tangu kuzaliwa! Nimekudanganya, washa gari, mtoto anakufa!"

Shangazi alibaki na bakuli mkononi. Alimtazama mdogo wake, alimtazama mtoto, akaitazama barafu sakafuni. Kisha akaenda kutafuta funguo, na mara mbili alipita zilipokuwa bila kuziona.

Walimkuta mama njiani, na mfuko wa mkaa kichwani. Aliutupa mkaa pembeni, akaingia na Bonge, akamchukua Chiriku mapajani mwake. Shangazi aliendesha kwa kasi ambayo siku nyingine angemtukana mtu kwayo, na ndani ya gari zilisikika zile pumzi fupi tu, na kila mmoja wao alikuwa anaisubiri inayofuata.

*

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa peke yake zamuni, mwanamke mfupi asiyepoteza muda. "Ana ugonjwa wowote unaojulikana?"

"Selimundu," alisema baba. Safari hii lilitoka mara moja.

Oksijeni ikafungwa, mshipa ukatafutwa, maji yakaanza kushuka, blanketi mbili, sindano ya maumivu. Muuguzi alipofunua mguu akaona ngozi ilivyobabuka.

"Hii nini?"

"Barafu," alisema Shangazi.

"Barafu? Kwa mtoto wa selimundu? Nani kafanya hivyo?"

"Mimi."

"Hakujua," alisema baba. "Hatukumwambia. Sikumwambia."

Muuguzi aliwatazama wote watatu, akaona hapana haja ya kuongeza. "Mguu si shida yangu. Kifua ndicho kinanitisha. Nimeita gari la wagonjwa, anateremka hospitali kubwa leo hii hii. Kaeni naye, asipoe."

Shangazi hakukaa. Alikuwa amesimama na pochi yake mbele ya tumbo, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

"Sista," alisema, "huu ugonjwa unatoka upande gani?"

Mama aliinua kichwa. Swali hili alilingoja miaka yote, na alikuwa amejiandaa kulipokea.

"Pande zote mbili," alisema muuguzi, akirekebisha mpira wa maji. "Baba amebeba kipande, mama amebeba kipande, na wenyewe wazima, hawaumwi kitu. Wakikutana, ndiyo hivi. Wewe ni nani yake?"

"Shangazi yake. Baba yake ni mdogo wangu."

"Baba mmoja mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi huenda na wewe unacho. Pima. Na wanao wapime, kabla hawajaanza kuzaa."

Shangazi alisema ahsante. Alitoka hadi veranda, na kupitia dirisha baba alimwona akibonyeza simu, akikosea, akibonyeza tena. Mkono mmoja aliuegemeza ukutani.

"Binti yangu, mumeo alishawahi kupima damu?" walimsikia akisema. "Kliniki hawakuwaambia kitu? ... Usiniulize kwa nini, mwanangu, nijibu tu. Alishapima au hajapima?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Mizani alikuwa amemwogopa mwanamke huyu tangu utoto, na hakuwahi kumsikia akiogopa. Angemwambia yote miaka ile kwenye turubai, au siku yoyote baada yake, binti yule angejua kabla ya kuolewa. Hilo halikuwa limewahi kumpitia kichwani. Alidhani alikuwa anaficha jambo la nyumbani kwake.

Mama alikuwa anasugua vidole vya Chiriku, kimoja kimoja.

"Umesema?" alimuuliza mumewe bila kumtazama.

"Nimesema."

"Lini?"

"Baada ya barafu."

Mama aliitika kwa kichwa, akaendelea na vidole.

Chini ya ile barakoa ya oksijeni, midomo ya Chiriku ilicheza. Baba akainama, akaisogeza kidogo kwa kidole.

"Shangazi ameshajua?" aliuliza.

"Ameshajua, mwanangu."

"Umemwambia wewe?"

"Nimemwambia mimi."

Alifikiri, akavuta pumzi moja, akaitafuta nyingine. "Kwa hiyo naweza kulia?"

Baba aliitika kwa kichwa mara nyingi.

Chiriku alianza taratibu, kama mtu asiyeamini ruhusa aliyopewa. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha tangu majini, na cha kabla ya hapo. Muuguzi akaja mbio kutoka chumba cha pili, Shangazi akaingia na simu ingali sikioni. Mama aliwanyooshea mkono wasimame. "Mwacheni," alisema. Wakasimama mlangoni wakimsikiliza, na alikuwa bado analia gari la wagonjwa lilipoingia getini.